Serengeti ya Bwana Carroll na Kiti cha Pweza

Kitabu ninachokusudia kukizungumzia katika sura hii kimebeba jina la nyumbani. Kinaitwa The Serengeti Rules, yaani Kanuni za Serengeti. Mwandishi wake ni Sean B. Carroll wa Marekani; kilitoka mwaka 2016, na mwaka 2018 kikafuatiwa na filamu. Kwetu sisi wa Tarime na Mugumu, Serengeti si picha ya kwenye kalenda. Ni wilaya yenye makao makuu, soko na shule. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1951. Ni nyumbu wanaovuka Mto Mara. Ni mpaka ambao mfugaji anaujua kama anavyoujua mpaka wa shamba lake. Basi mtu wa mbali akilichukua jina hilo akalibandika juu ya sheria za uhai wote, wenye jina wana haki ya kukisoma kitabu chake kwa makini na kusema wanachokiona.

Niseme mapema kwamba kitabu ni kizuri, na ninayo machache ya kukilaumu. Lakini hayo machache si madogo.

Bwana Carroll kwa asili ya kazi yake si mtaalamu wa wanyamapori. Kwa miaka mingi alikuwa profesa huko Wisconsin, akichunguza nzi wadogo wa matunda na mabawa ya vipepeo. Swali lililomshughulisha ni hili: yai moja dogo linajuaje mahali pa kuweka kichwa, mguu na bawa? Jibu, ambalo alilieleza katika kitabu chake cha mwaka 2005, Endless Forms Most Beautiful, ni kwamba jeni haziko sawa kwa vyeo. Nyingi ni mafundi: hujenga nyama, mfupa au rangi. Chache ni wasimamizi: zenyewe hazijengi kitu, bali huamuru jeni nyingine zifanye kazi au zinyamaze. Na kando ya kila jeni kuna vipande vya DNA vinavyofanya kazi kama swichi ya taa. Msimamizi akifika akaibonyeza, taa huwaka katika chumba kile tu na kwa saa ile tu. Viumbe hutofautiana si kwa kuwa kila kimoja kina mafundi wa aina yake, bali kwa kuwa mafundi wale wale wa kale wameamriwa kufanya kazi mahali pengine na kwa wakati mwingine.

Katika kitabu cha mwaka 2016 mwandishi anaichukua hoja hiyo ya usimamizi na kuipeleka mbali zaidi. Anasema kila kitu katika uhai kina msimamizi, kuanzia kiasi cha kemikali ndani ya seli hadi idadi ya simba mbugani. Anamleta Jacques Monod wa Ufaransa, aliyeonyesha jinsi bakteria anavyozima na kuwasha jeni zake kulingana na sukari iliyopo. Anamleta Janet Rowley, ambaye mwaka 1973 alionyesha kwamba aina mojawapo ya saratani ya damu hutokana na vipande vya kromosomu kubadilishana mahali, na usimamizi wa seli ukaharibika. Anamleta Robert Paine, ambaye mwaka 1963 alianza kuwang'oa viti vya pweza katika miamba ya pwani ya Washington na kuwarusha baharini. Aina 15 za viumbe zilizokuwa zikiishi pale zikashuka hadi 8, kwa sababu kome, bila adui yao, walitanda wakawafukuza wengine. Mwisho anamleta Anthony Sinclair, aliyekulia Tanganyika na kufika Serengeti kama mtafiti mwaka 1965, akagundua kwamba ongezeko kubwa la nyumbu lilitokana na kuondoka kwa ugonjwa wa sotoka. Kutokana na hao wote zinapatikana kanuni sita: kwamba viumbe hawana uzito sawa katika jumuiya yao, kwamba mnyama mkubwa hudhibitiwa na chakula ilhali mdogo hudhibitiwa na simba na fisi, kwamba uhamaji huongeza idadi, na kadhalika.

Haya yote yamesimuliwa kwa ufundi. Mwalimu yeyote wa elimu ya viumbe angefaidika kuona jinsi mwandishi anavyoanza na mtu, kisha tatizo, kisha jaribio, ndipo kanuni. Sisi katika vyuo vya ualimu tulizoea kuanza na kanuni na kuishia hapo hapo.

Tofauti yangu naye inaanza na yule kiti cha pweza. Katika kitabu, mnyama huyo ana kazi moja tu: ni mla kome. Paine anamtupa, kome wanaongezeka, somo limekwisha. Lakini kiti cha pweza ana habari ya pili ambayo kwa mtafiti wa jeni za ukuaji ingepaswa kuwa tamu kuliko ya kwanza. Ukimkata mkono, huota mwingine. Jamii nyingi huhitaji kubakiwa na sehemu ya kitovu cha katikati, lakini wale wa jamii ya Linckia, ambao wamo pia katika Bahari ya Hindi, wana spishi inayoweza kuota mwili mzima kutoka katika mkono mmoja uliokatika. Kwa muda mnyama huonekana ana mkono mmoja mrefu na minne midogo kama vidole vya mtoto.

Wala si yeye peke yake. Watu wa Pwani wanamjua jongoo bahari. Akibanwa sana hutapika matumbo yake yakabaki kwa adui, naye akaenda zake kuota mengine. Na zipo jamii zake ambazo hujigawa katikati, kila nusu ikawa mnyama kamili. Huko Jambiani, Unguja, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, wapo wanawake wanaofuga sifongo za kuogea. Wanaikata sifongo moja vipande vipande, wanavitunga kwenye kamba ndani ya maji, na kila kipande kinakua. Kilimo chao hakina tofauti kubwa na cha muhogo. Mkulima wa kwetu hapandi mbegu ya muhogo; anakata pingili ya shina na kuichomeka ardhini, naye hashangai ikichipua.

Lakini hebu tushangae kidogo. Pingili ile inajua upande wake wa juu na wa chini. Ukiichomeka kichwa chini, hata ikiota huota kwa taabu. Mnyama aliyekatwa ana kazi ngumu zaidi. Kipande kilichobaki lazima kitambue ni nini kilichokosekana, kiote hicho tu, kwa kipimo chake, kisha kiache. Thomas Hunt Morgan, yule ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1933 kwa kazi yake juu ya nzi na urithi, aliandika kwanza kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1901. Mwaka 1907 H. V. Wilson aliikamua sifongo kupitia kitambaa laini hadi seli zake zikatawanyika majini. Seli zile zikatafutana, zikashikana, zikawa sifongo tena. Waliona kwa macho, lakini vyombo vya kuona sababu havikuwapo.

Vyombo vilipopatikana, jibu la kwanza lilikuwa la kuwaondolea wengi majivuno. Mwaka 1984 watafiti wa Basel na wa Indiana walikuta katika jeni zinazopanga mwili wa nzi kipande kimoja cha maandishi kinachojirudia, na muda si mrefu kipande hicho hicho kikaonekana kwa chura, panya na binadamu. Mwaka 1995 jeni ya panya inayosimamia utengenezaji wa jicho ilipowekwa ndani ya nzi, iliotesha jicho. Nalo lilikuwa jicho la nzi, si la panya. Mwaka 2006 ilisomwa DNA ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba kama nungunungu mdogo, anayewachoma waogeleaji nyayoni. Alikutwa na jeni zipatazo 23,000, ambazo si pungufu ya zetu, na nyingi kati yake zina ndugu zao ndani ya miili yetu.

Msomaji aliyepita darasani zama zetu atakumbuka ule mchoro wa ngazi: sifongo chini kabisa, halafu minyoo, halafu konokono, samaki, chura, hadi mtu juu. Tuliwaita wanyama wa daraja la chini. Walimu wetu tuliowafundisha wakaipeleka ngazi hiyo vijijini, na mwanafunzi akajibu mtihani kwamba mnyama wa chini ni yule ambaye hajapata vitu tulivyo navyo sisi. Elimu ya sasa inasema kinyume. Mnyama wa bahari asiye na uti wa mgongo anavyo vyombo vingi tulivyo navyo, na anafanya navyo jambo moja ambalo sisi hatuliwezi. Mageuko hayakuwa ngazi ya kupandia. Yalikuwa njia zilizoachana, na katika kila njia msafiri aliokota kitu na kuangusha kingine.

Jaribio lililoliweka jambo hili wazi kuliko yote lilichapishwa mwaka 2019, miaka mitatu baada ya kitabu chetu, kwa hiyo simdai Bwana Carroll. Mansi Srivastava, Andrew Gehrke na wenzao wa Harvard walimchunguza mnyoo mdogo wa baharini aitwaye Hofstenia miamia. Ukoo wake na wetu viliachana zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Mkate vipande vitatu, utapata minyoo mitatu. Watafiti walitazama ni sehemu gani za DNA hufunguka baada ya jeraha, wakakuta maelfu, na nyingi kati ya hizo zilikuwa zikingojea amri ya msimamizi mmoja, jeni iitwayo EGR. Walipomnyamazisha msimamizi huyo, kazi yote ilisimama. Kidonda kikawa kidonda tu.

Jeni ya EGR tunayo sisi pia. Seli za binadamu zikiumizwa, nayo huamka. Msimamizi yupo, na king'ora anakisikia. Tofauti ni kwamba kwetu swichi anazozibonyeza haziendi kwenye vyumba vile vile. Katika mnyoo, nyaya zimefungwa mpaka kwenye karakana ya kutengeneza kichwa; kwetu zinaishia, kwa sehemu kubwa, kwenye kuziba kidonda na kuweka kovu. Si kwamba hatuna chochote: ini la mtu likikatwa sehemu hukua tena, na ncha ya kidole cha mtoto mdogo, ikikatika karibu na ukucha, yaweza kurudi. Lakini mkono haurudi.

Hapa sasa naweza kusema wazi tatizo ninaloliona katika kitabu. Monod aliamini kwamba lililo kweli kwa bakteria lazima liwe kweli kwa tembo, na Bwana Carroll amejenga nyumba yake juu ya msingi huo. Nakubali kwamba ni kweli kwa upande wa kanuni. Lakini katika hifadhi iliyo jirani yetu, tembo aliyenaswa na mtego wa waya akakatwa mkonga, mkonga ule hauoti. Atajifunza kung'oa majani kwa kigutu, au atakufa. Tembo na mnyoo wana wasimamizi wa ukoo mmoja, wanatii kanuni ile ile ya swichi, na bado mmoja hurudishiwa kichwa na mwingine hakurudishiwa hata ncha ya mkonga. Kwa hiyo kujua kanuni hakutoshi. Lazima ujue pia historia: nyaya za mnyama huyu zilifungwa wapi, na ni zipi zilizokatwa njiani. Wapo wanasayansi wanaodhani kwamba breki zinazotukinga na saratani, zile zile alizotuonyesha mwandishi katika sura ya Rowley, ni sehemu ya sababu ya sisi kutoota viungo. Ikiwa ndivyo, basi usimamizi bora mahali pamoja umelipiwa kwa kupoteza uwezo mahali pengine. Hilo ni jambo zito, na lingestahili nafasi katika kitabu kinachosifu usimamizi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Upungufu huu si wa maabara peke yake. Unarudi mpaka mbugani, kwa sababu mwandishi mwenyewe anataka kanuni za seli zitufundishe kutibu mbuga. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walikuwa kama 250,000. Chanjo ya ng'ombe ilipoikata sotoka, nyumbu waliongezeka wenyewe hadi wakafika kama milioni 1.4 mwaka 1977. Ukisoma habari hiyo upesi utadhani kanuni ni rahisi: ondoa kizuizi, uhai utajirudisha. Lakini nyumbu walirudi kwa sababu kitovu kilikuwa kimebaki. Robo milioni si kidogo. Nyasi zilikuwapo, mito ilikuwapo, na njia ya kuhama kwenda Masai Mara na kurudi ilikuwa wazi.

Mtazame kifaru mweusi. Katika miaka ya 1970 majangili walimmaliza Serengeti karibu kabisa. Kanuni sita zilikuwa zile zile, na majani aliyoyala yalikuwapo, lakini idadi yake haikurudi kwa kasi ile ya nyumbu. Ilibidi mwaka 2010 waletwe vifaru watano kwa ndege kutoka Afrika Kusini, nao walindwe kwa bunduki. Huyo ni mkono uliokatwa bila kitovu.

Hata kiti cha pweza mwenyewe, bingwa wa kuota upya, ametupa onyo. Tangu mwaka 2013 ugonjwa ulizuka katika pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini, wakiwamo wale wa jamii aliyoichunguza Paine. Mikono ilijitenga na mwili, mwili ukalainika na kuyeyuka, na wakafa kwa mabilioni. Mwaka 2025 watafiti walitangaza kumbaini bakteria anayewaua wale wa jamii iliyoathirika kuliko zote. Mnyama anayeweza kuotesha mkono uliokatwa hakuweza kuotesha mkono uliooza, kwa sababu kilichoshambuliwa ni kile kile kinachoota.

Najua Bwana Carroll angenijibu. Angenielekeza kwenye sura yake ya Gorongosa, huko Msumbiji, ambako vita viliteketeza wanyama, na ambako juhudi zilizoanza mwaka 2004 zimeirudisha mbuga kwa kiwango cha kutia moyo. Jibu hilo nalipokea kwa heshima. Lakini Gorongosa inaunga mkono hoja yangu. Pale palihitajika kuleta nyati na nyumbu kutoka kwingine, fedha nyingi, walinzi, na mashule na zahanati kwa wanavijiji wa jirani. Haikuota kwa kanuni. Ilipandikizwa kwa mikono ya watu.

Nisije nami nikaanguka katika shimo ninalomwonyesha mwenzangu. Mbuga si mnyama. Haina jeni wala swichi, na hakuna EGR ya nyumbu. Mfano ni fimbo ya kutembelea, si mguu. Nimeutumia kwa sababu mwandishi aliutumia kwanza, na nimetaka tu kuonyesha kwamba kama tunakwenda kujifunza kwa seli, tujifunze pia kwa seli za wale wanaoota na za wale wasioota.

Nina neno moja zaidi juu ya jina la kitabu. Wahusika wakuu wake ni wanasayansi, na hilo halina ubaya. Ndio aliokusudia kuwasimulia. Lakini chanjo iliyowaokoa nyumbu haikudungwa kwa nyumbu. Ilidungwa kwa ng'ombe, na ng'ombe wana wenyewe. Kila mfugaji aliyeswaga kundi lake hadi mahali pa sindano alikuwa na mkono katika jambo ambalo leo dunia inalitazama kwa mshangao. Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Sijui kanuni ya ngapi ingewahusu wafugaji hao, lakini kitabu chenye jina la Serengeti kingepata uzito zaidi kama kingewapa kanuni ya saba.

Pamoja na hayo yote, ningemshauri kila mwalimu wa sayansi akitafute kitabu hiki, na akikipata akisome pamoja na kile cha mwaka 2005, maana kimoja kinaeleza swichi na kingine kinaeleza mbuga. Kisha aende darasani, akate pingili ya muhogo mbele ya wanafunzi, na awaulize kwa nini inaota na mkono wa mtu hauoti. Asiwaambie kwamba muhogo ni wa chini na mtu ni wa juu. Awaambie kwamba mnyoo wa baharini ana jeni kama yao, na kwamba kilichobaki baada ya jeraha ndicho kinachoamua kitakachorudi. Mtoto wa Tarime akilishika hilo, atakuwa ameelewa kwa nini kukinga ni bora kuliko kungojea kuota, iwe ni kidole chake, au msitu wa mlima wake, au kifaru wa mwisho ng'ambo ya mto.